Dobi na Kesi ya Mdogo Wake

Watu walimwita Mama Mkunjo ingawa hakuwa na mtoto wa jina hilo wala wa jina lingine lolote. Jina alilipata kazini. Alikuwa dobi, na suruali iliyotoka mikononi mwake ilikuwa na mkunjo mkali kiasi kwamba wateja walitaniana: kaa vizuri, usije ukajikata. Chumba chake cha kazi kilikuwa mtaa mmoja nyuma ya mahakama. Ndani kulikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi tatu na ndoo ya wanga, na uani kamba zilivuka kutoka ukuta hadi ukuta. Kwa ujirani huo, nguo za sheria zote zilipita kwake. Makarani walileta mashati, mawakili walileta majoho, na yeye aliwajua kwa kola zao kuliko kwa sura.

"Huyu ana jasho la uongo," alisema siku moja akiinua joho kwa vidole viwili. "Jasho la kazi linatoka kwa sabuni ya kawaida. Hili lazima lilale majini."

Aliishi na mama yake mzazi na mdogo wake wa kiume, fundi kufuli, ambaye watu walimwita Funguo. Funguo alikuwa na kibanda mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, na ubaoni alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: UMEFUNGIWA? PIGA, kisha namba ya simu. Alizibembeleza kufuli kama mtu anayeomba mkopo ukweni. "Shemeji, usinifanyie hivyo," aliiambia kufuli yenye kutu, "mimi si mgeni hapa." Milango ya watu ilimtii. Funguo zake mwenyewe alizipoteza kila mwezi, na dada yake aliacha pasi na kwenda kumfungulia, akimtukana njia nzima.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, simu ya Funguo iliita. Alikuwa mke wa muuza vioo, anataka kwenda kumwona dada yake mgonjwa na hawezi kutoka. Mumewe, mtu wa heshima zake, mwenye duka kubwa na kauli tamu kwa wateja, alikuwa na mazoea ya kumfungia ndani kila alipokwenda kazini, kama watu wengine wanavyofungia baiskeli. Funguo akachukua mkoba wake akaenda. Jirani mwema, maana kila mtaa una jirani mwema, akampigia simu mwenye nyumba. Muuza vioo alifika mlango ukiwa umeshafunguka. Akachomoa komeo la chuma la geti, akampiga fundi kichwani mara tatu. Fundi alipokuwa chini hajitikisi, ndipo mwenye nyumba akatoka barabarani na kupiga kelele: "Mwizi! Jamani, mwizi!"

Watu wakajaa. Waliona mkoba umemwagika: nyaya, tupa, bisibisi ndogo, na pete kubwa yenye funguo kama sabini.

"Mtu mwenye funguo sabini zisizo zake," mmoja akasema kwa sauti ya mtu aliyevumbua jambo, "ana kazi gani mjini?"

Hakuna aliyejibu kwamba ana kazi ya ufundi kufuli, ingawa nusu ya waliosimama pale walishawahi kumwita majumbani mwao. Funguo alikata roho kabla ya saa sita, kwenye benchi la mapokezi ya hospitali, muuguzi akiwa bado anatafuta kalamu inayoandika.

Mama Mkunjo alikwenda kituo cha polisi kesho yake. Mpelelezi aliyepewa faili alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mwandiko mzuri sana. Alimsomea alichoandika: marehemu ameuawa na wananchi wenye hasira kali.

"Hao wananchi wenye hasira kali," akauliza Mama Mkunjo, "wana majina?"

"Mama, wananchi ni wananchi."

"Na mke wa mwenye nyumba aliyempigia mdogo wangu simu, umemhoji?"

Mpelelezi akafungua faili, akafunga. Alikuwa amemhoji. Mwanamke yule alikuja mwenyewe jana ileile, kabla damu haijakauka kwenye kizingiti, akaeleza kila kitu, akatia sahihi, kisha akahamia kwa dada yake na hakurudi tena kwa mumewe. Maelezo yake yalikuwa humo ndani ya faili, yamelala chini ya wananchi wenye hasira kali. Ilichukua miezi kumi na mmoja, na Mama Mkunjo kuja kituoni kila Jumatatu na kiti chake cha kukunja, hadi wananchi wote wale wakapungua wakabaki mmoja, muuza vioo.

Akashtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Akapewa dhamana siku hiyohiyo, na saa nane mchana alikuwa dukani anampimia mteja kioo cha dirisha.

Ndipo kesi ilipoanza, kama kuanza ni kuitwa jina na kuambiwa urudi mwezi ujao. Mara ya kwanza ilikuja kwa kutajwa. Mara ya pili ilitajwa pia. Mama Mkunjo alimwambia mama yake kwamba kwa jinsi inavyotajwa, hata kama ingekuwa kiziwi ingeshaitika. Kisha jaji akaenda likizo. Alipotoka likizo akahamishwa. Jaji wa pili alikuta faili halipo. Lilipatikana baada ya wiki saba masijala, ambako lilikuwa limewekwa chini ya mguu wa kabati lililokuwa likiyumba. Karani aliyelivuta alilipangusa vumbi na kusema, kwa fahari kabisa, "Unaona? Halikupotea. Lilikuwa linatumika."

Halafu kikaja kipindi cha wakili wa utetezi. Alikuwa mwanamume mrefu, mnadhifu, ambaye wenzake walimwita msomi na yeye aliitika. Kazi yake katika kesi hii ilikuwa kutokuwepo. Mara alikuwa mahakama nyingine, mara amefiwa na shangazi. Katika mwaka mmoja alizika mashangazi watatu. Na kila Ijumaa tarishi wa ofisi yake alileta joho kwa Mama Mkunjo. Wakili hakujua kwamba dobi wake ndiye yule mwanamke wa benchi la pili. Hakuwahi kutazama benchi la pili.

Bibi, yaani mama mzazi, hakupendezwa.

"Unampigia pasi anayemtetea aliyemuua mwanangu?"

"Mama, nguo haina kesi."

"Ungeichoma kidogo tu. Kwapani. Nani ataona?"

"Nitaona mimi," akasema Mama Mkunjo, na akaendelea kunyoosha mikono ya joho mpaka ikalala kama karatasi.

Hakuwa mtakatifu. Aliwahi kusimama na pasi ya moto juu ya joho lile, akihesabu hadi kumi. Lakini alikuwa na miaka ishirini na sita ya kazi isiyo na lawama, na hakutaka muuza vioo amnyang'anye na hiyo pia.

Mwaka wa nne, tarehe mbili ya mwezi, alikuwa anakagua mifuko ya joho la wakili yule kabla ya kuliloweka. Sheria yake ilikuwa kwamba cha mfukoni hakisomwi. Kinatiwa kwenye bahasha na kurudi na nguo. Lakini karatasi ya siku ile ilikuwa imekunjuka yenyewe, na macho hayana mlango. Ilikuwa cheti cha daktari. Kilieleza kwamba wakili msomi ameshikwa ghafla na maumivu makali ya mgongo, na apumzike siku tatu kuanzia tarehe kumi na tisa.

Mama Mkunjo akatazama kalenda ukutani, ingawa hakuwa na haja. Tarehe kumi na tisa ilikuwa siku ya kesi. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akacheka peke yake hadi machozi yakamtoka, na machozi yalipoendelea baada ya kicheko kuisha, akajifuta kwa joho la wakili mwenyewe.

Kisha akafanya jambo lililotaka akili tulivu. Alitoa fotokopi ya cheti, akavuka barabara hadi kwa wakili mzee aliyekaa chini ya mwavuli mkubwa akigonga mihuri ya kuthibitisha nakala. Mzee yule aligonga chochote. Inasemekana aliwahi kuthibitisha risiti ya viatu. Alitazama cheti, akatazama nakala, akaandika kwamba ni nakala halisi, akagonga muhuri wenye tarehe ya siku ile, tarehe mbili, na hakuuliza swali. Mama Mkunjo akarudi, akafua joho, akalipiga pasi, akaweka cheti chenyewe kwenye bahasha safi na kuirudisha pamoja na joho. Nakala akaitia chini ya blanketi la meza.

Tarehe kumi na tisa walikwenda watatu. Yeye, mama yake, na mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cha bluu kichwani: aliyekuwa mke wa muuza vioo. Mahakama ilikuwa imeelezwa mara tano kwamba shahidi huyu ametafutwa kila mahali na hapatikani. Mama Mkunjo alimtafuta asubuhi moja. Aliuliza kwenye saluni ya dada wa mwanamke huyo, akaelekezwa shule ya chekechea nyuma ya soko, akamkuta anawafunga watoto kamba za viatu. Alimpelekea mpelelezi habari hiyo. Mpelelezi aliiandika kwa mwandiko wake mzuri na kurudisha daftari mfukoni.

Jaji sasa alikuwa wa tatu, mwanamke mfupi mwenye mafua, aliyekuja na boksi la tishu na hakuonekana mtu wa kupoteza muda. Wakili mdogo kutoka ofisi ya yule msomi akasimama.

"Mheshimiwa, kwa masikitiko makubwa, mwenzangu msomi ameamka alfajiri ya leo akiwa na maumivu ya ghafla ya mgongo. Cheti hiki hapa. Tunaomba tarehe nyingine."

Mwendesha mashtaka alikuwa anasoma simu. "Hatuna pingamizi, Mheshimiwa. Hata hivyo shahidi wetu hapatikani."

Jaji alikuwa ameshashika kalamu aandike tarehe mpya, Mama Mkunjo akasimama kwenye benchi la pili.

"Mheshimiwa, naomba kusema."

"Kaa chini!" askari wa mahakama akamkemea.

"Wewe nani?" jaji akauliza.

"Mimi ni dada wa marehemu, Mheshimiwa. Pia ni dobi. Hicho cheti nilikikuta mfukoni mwa joho tarehe mbili. Huo mgongo nilikuwa nao kwangu wiki mbili na zaidi kabla haujauma."

Kicheko kilichopanda mahakamani kilimfanya hata mwendesha mashtaka ainue kichwa. Nakala ikapitishwa mbele. Jaji akasoma cheti, akasoma nakala, akasoma muhuri wa mzee wa mwavuli, akapiga chafya. Kisha akamwuliza wakili mdogo, taratibu sana, kama mtu anayemwuliza mtoto kuhusu sukari, je, mwenzake msomi alijuaje tarehe mbili kwamba atashikwa ghafla tarehe kumi na tisa? Wakili mdogo akageuza cheti, akasoma upande wa nyuma.

"Saa nane mchana nimwone hapa," jaji akasema. "Na mgongo wake."

"Na shahidi, Mheshimiwa," Mama Mkunjo akaongeza, kwa kuwa alikuwa ameshasimama na aibu ilikuwa imeshapita. "Ni huyu hapa. Tumekuja naye kwa miguu."

Saa nane kasorobo wakili msomi aliwasili, amenyooka kama mlingoti, ndani ya joho lililopigwa pasi vizuri kuliko yote mahakamani. Kwa mara ya kwanza alitazama benchi la pili. Tangu wiki ile alibadilisha dobi, na wanaojua wanasema kola zake hazikuwahi kusimama tena.

Kesi iliyosinzia miaka mitatu ikasikilizwa kwa siku nne mfululizo. Muuza vioo alieleza alivyoingia nyumbani na kukuta mwizi, akaogopa, akajitetea. Alilia vizuri. Halafu akaja yule mwanamke wa kitambaa cha bluu. Hakulia kabisa. Alisimama ameshika ukingo wa kizimba cha mashahidi.

"Nilimpigia mimi," akasema. "Nilisoma namba yake ubaoni siku moja tukipita na gari, nikaikariri, kwa sababu niliona maneno 'umefungiwa'. Alipofika akaniuliza kwa dirishani, 'Dada, ufunguo umepotea?' Nikamwambia haukupotea, uko mfukoni mwa mume wangu. Akageuka akatazama barabara. Nikadhani ataondoka, maana watu wengi husema mambo ya mke na mume hawaingilii. Akasema, 'Basi sogea pembeni, dada, usije ukaumia.' Akafungua."

Mama Mkunjo hakuwa amewahi kuyasikia maneno hayo. Alijua mdogo wake alipigwa mlangoni kwa watu. Hakujua kama alikuwa amesita pale kizingitini kisha akaamua. Aliinamisha kichwa na kushikilia mkono wa mama yake, na siku hiyo hakuna mzaha uliomjia.

Hukumu ilisomwa mwezi uliofuata. Miaka kumi na minne. Muuza vioo aligeuka kumtazama wakili wake kana kwamba ameuziwa kioo chenye ufa. Lakini Bibi hakuwa akisubiri miaka. Tangu siku ya mazishi alisubiri sentensi moja, na jaji aliisoma ukurasa wa kumi na tisa, baada ya kuchukua tishu: "Mahakama hii inaridhika kwamba marehemu aliitwa kufanya kazi yake. Fundi huyu si mwizi."

"Amesema?" Bibi akanong'ona.

"Amesema, Mama."

"Basi nataka kwa maandishi."

Haya, maandishi. Nakala ya hukumu ilichukua miezi minane. Mara mpiga chapa yuko likizo ya uzazi, mara mashine haina wino, mara wino upo na karatasi hamna. Mama Mkunjo alirudi na kiti chake cha kukunja. Mwishowe karani alimkabidhi kurasa ishirini na mbili zilizobanwa pembeni, zina muhuri mwekundu kila ukurasa, na akamnyooshea kitabu cha kutia sahihi. Mama Mkunjo hakutia. Alifungua ukurasa wa kumi na tisa palepale dirishani, kwa sababu dobi hapokei wala hatoi nguo bila kuikagua.

Ilikuwa imeandikwa: "Fundi huyu ni mwizi."

Alisoma mara tatu. Foleni nyuma yake ikaanza kuguna.

"Hapa mmekosea," akasema.

Karani akavuta karatasi, akachungulia. "Aa, hii? Ni herufi moja tu, mama. Maana inaeleweka."

"Inaeleweka vipi?"

"Si unasoma na mengine? Mtu amefungwa. Angefungwa vipi kama marehemu alikuwa mwizi?"

"Mwanangu," Mama Mkunjo akasema, na waliomjua wangejua kwamba neno hilo lilikuwa la hatari, "jina lako linaanza na herufi gani?"

"Kwa nini?"

"Nataka nikubadilishie moja, tuone kama mshahara utakupata."

Karani akasema hukumu ikishapigwa muhuri haiguswi. Kuna utaratibu. Lazima yapelekwe maombi ya marekebisho, yawekwe kwenye faili, faili lipelekwe kwa jaji, jaji apange siku. Na faili, akaongeza kwa huzuni ya kikazi, kwa sasa halionekani.

"Tazama chini ya kabati," Mama Mkunjo akamwambia.

Alichukua kurasa zake bila kusubiri siku ipangwe. Alikwenda kwenye mlango wa ofisi ya jaji, akafungua kiti chake, akaketi. Katibu alimfukuza mara mbili. Siku ya tatu jaji mwenyewe alitoka, mafua yamepona sasa, akamkuta pale na kurasa zake mapajani.

"Wewe si ni yule dobi?"

"Ndiye, Mheshimiwa. Nimekuja kuhusu doa."

Jaji alisoma ukurasa wa kumi na tisa amesimama ukumbini. Uso wake ulibadilika rangi polepole kuanzia shingoni. Hakusema kitu juu ya utaratibu. Aliingia ofisini, akaita mpiga chapa, akasimama nyuma yake mpaka ukurasa mpya ukatoka, akaupiga muhuri kwa mkono wake, na ule wa zamani akauchana vipande vinne. Inawezekana ilikuwa kinyume cha kanuni kadhaa. Hakuna aliyewahi kuzitaja.

Bibi alipopata karatasi yake aliivisha plastiki. Kisha akaanza ziara. Kila siku alasiri, baada ya kuoga, alichagua nyumba moja katika mtaa ule wa muuza vioo, akabisha hodi, akakaribishwa, maana ni nani atamwacha mlangoni mwanamke wa miaka sabini na nane? Alikaa, akaulizia afya za watoto, kisha akatoa karatasi.

"Nisomee hapa, mwanangu. Macho yangu hayaoni."

Macho yake yalikuwa yanaona sindano kwenye zulia. Lakini mwenye nyumba alisoma, na aliposoma kwa kunong'ona, Bibi alitega sikio.

"Sauti, baba. Na masikio nayo yameniacha."

Basi mtaa mzima ukasikika, nyumba baada ya nyumba, watu wazima wakipaza sauti sebuleni mwao: fundi huyu si mwizi. Wengine walianza kujificha. Mwenye duka la mboga alizima redio na kukaa kimya nyuma ya pazia. Bibi akamngoja nje kwa saa moja na nusu, akiongea na wapita njia habari za hali ya hewa. Mama mmoja alilia na kuomba msamaha, na Bibi akamwambia asilie, amalizie aya.

Kwa kinyozi alikuta mteja amekaa kitini, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Kinyozi alifuta mikono, akasoma, akarudisha karatasi bila kumtazama.

"Bibi, sisi tuliambiwa tu ni mwizi. Tungejuaje?"

"Ndiyo hivyo, mwanangu. Na leo mimi nakuambia si mwizi. Tena mimi nina muhuri. Waliokuambia siku ile walikuonyesha muhuri?"

Kinyozi akaichukua tena mashine yake. Mteja wa nusu kichwa akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye si wa mtaa huu, amehamia juzi tu.

"Haidhuru," Bibi akasema, akamsogezea karatasi. "Na wewe soma."